Pengo la Nusu Mita

Hata baada ya mumewe kufariki, Mama Ramani aliendelea kuingia ofisini kwa ubavu. Hakuwa mnene, wala mlango haukuwa mwembamba. Meza ya marehemu ndiyo iliyokaa hatua mbili ndani ya mlango, ikimkabili kila aingiaye, na aliyeizoea alishusha bega la kushoto akapita pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye ngazi. Miezi minane sasa meza ile haikuwa na mwenyewe. Bado walikuwa wanampisha.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Humo, kwa miaka ishirini na miwili, mume na mke walikuwa wamefanya kazi moja kwa mikono minne. Watu walikuja na shida zao za kuta: huyu anataka kuongeza jiko, yule anataka kugawa nyumba ya urithi kabla ndugu hawajagawana ngumi. Mume alikwenda kupima. Mke alibaki kuchora. Hawakujaliwa mtoto ambaye mama angeitwa kwa jina lake, basi watu wakaziacha ramani zake zimzalie jina.

Mzee mwenyewe walimwita Mpimaji, na neno lake lilikuwa kama neno la mizani. Palikuwa na msemo pale ofisini, tena ulianza kama mzaha: kipimo cha Mpimaji hakirudiwi. Alipofariki, mzaha ukafa, ukabaki msemo.

Siku katibu wa chama cha ushirika wa nyumba alipokuja kuwaona, aligongana na ile meza kabla hajasalimia. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Alikaa, akatazama. Aliliona dirisha lililozibwa na kabati la mafaili. Aliiona taa ndefu ya tyubu ikipepesa kama jicho lenye kitu ndani. Aliliona koti la kijivu kwenye msumari, na viatu vya udongo chini yake, vimepangwa, vinangoja.

"Mama," alisema, "kazi yenu nimeisikia ikisifiwa. Wanachama wangu mia na kitu wanataka kujenga, na mimi natafuta ofisi moja ya kuwachorea wote. Lakini niwaleteje hapa? Mtu anakuja na furaha ya kujenga, anapokelewa na msiba."

Aliwapa mpaka Ijumaa ya wiki ya pili. Kulikuwa na ofisi nyingine barabara kuu, yenye vioo na kijana wa kufungua mlango. Kamati ingechagua moja kati ya hizo mbili. Mama Ramani hakumwambia kwamba mwenye jengo naye alikuwa amempa mwisho wa mwezi. Pasipo kazi ya ushirika, chumba kingerudi kwa mwenyewe, na miaka ishirini na miwili ingeteremshwa ngazi ndani ya maboksi.

"Katutukana yule," alisema wifi yake, nyayo za katibu zilipokwisha kusikika. Wifi alikuwa dada pekee wa marehemu. Alikuja ofisini siku tatu baada ya arobaini, ati kusaidia kupokea simu, na hakuondoka tena.

"Katuambia ukweli, wifi."

"Ukweli nao una mavazi. Wake umekuja uchi."

Fedha waliyokuwa nayo ilitosha kununua kiti kimoja kizuri cha mkurugenzi, na wao walitaka ofisi nzima. Mama Ramani alikaa na penseli, akaorodhesha visivyohitaji fedha: kuhamisha, kufuta, kufungua, kuondoa. Kabati litoke dirishani. Meza ya marehemu iende ukutani, iwe ya kuchorea. Mlango wa zamani uliokuwa umelala stoo ulazwe juu ya makabati mawili mafupi, uwe meza ya mapokezi. Kisha kitu kimoja cha kulipia: patisheni, ukuta mwembamba wa mbao wa kukikata chumba kati, ili mteja akae upande wenye nuru na fujo ya karatasi ibaki nyuma. Mteja hapendi kuona jiko la anayempikia.

Alipolifungua daftari la mwisho la mumewe atafute karatasi tupu, akakuta ukurasa ulioandikwa juu yake: *Ofisi yetu*.

Alikaa nao muda. Miaka yote mzee alikuwa akisema, nikipata nafasi nitaipanga ofisi hii, na miaka yote nafasi ilipatikana kwa kuta za watu wengine. Kumbe aliipima. Wiki za mwisho kabisa, pumzi zikiwa zimekwisha kuwa fupi, alisimama katika chumba hiki siku ambayo mkewe hakuwepo, akanyoosha tepu kutoka ukuta hadi ukuta, akaandika: upana, 4.20. Kando ya namba palikuwa na kinukta. Vinukta vilikuwa vimejaa daftari lile siku za mwisho. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, na penseli ilidondoka kwenye karatasi kama tone la bomba bovu.

Hakuinuka kupima upya. Angewezaje? Ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mumewe, na mteja alikuwa yeye. Alichukua 4.20, akatoa hamsini, akachora patisheni ya mita tatu na sabini.

Hamsini hizo zinahitaji kuelezwa, maana nje ya chumba kile hakuna aliyezijua. Tepu ya Mpimaji, ile ndefu ya kitambaa, ilinaswa na lango la chuma mwaka wao wa pili wa kazi, ikakatika kichwa. Nusu mita ya kwanza ilikwenda. Mtu mwingine angenunua mpya. Yeye aliishona ncha, akasema fundi mwenye kichwa hahitaji tepu yenye kichwa. Kuanzia hapo tepu ile ilianza kuhesabu kwenye hamsini, na kila ilichosema kilizidi kwa nusu mita. Wakagawana kazi: mume anaandika inavyosema tepu, mke anatoa hamsini wakati wa kuchora. Hawakuliandika popote. Katika ofisi nyingine jambo hilo lingeitwa uzembe. Hapa lilikuwa ndoa.

Aliyepewa kazi ya mbao ni Fundi Kimya, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kumsikia akinyamaza. Alikuja Jumatatu na rola ya rangi na ndoo mbili za nyeupe zilizobaki kwenye ukuta wa zahanati.

"Nyeupe ya hospitali hii," alisema, "ukipaka mtu anapona kabla hajaugua. Dada, shika hapa. Mama, wewe kaa, ukichafuka nani atachora?"

Walilisogeza kabati, dirisha likatokea. Nuru iliingia kwa pupa, ikaonyesha kila kitu: vumbi, nyufa, mistatili iliyopauka palipotundikwa kalenda za miaka ishirini. Palipokuwa na simu ya mezani, ukuta ulijaa namba. Marehemu alikuwa na tabia ya kuandika ukutani namba za watu, kwa kalamu ya wino, akiwa kwenye simu. Fundi akapaka. Ilipokauka, namba zikarudi, hafifu, za zambarau. Akapaka mara ya pili. Zikarudi.

"Wino wa kalamu huwa unafanya hivyo," alisema Mama Ramani.

"Najua wino, Mama. Nimepaka kuta tangu sina ndevu. Lakini huu una ubishi wa mtu."

Wifi alicheka, kisha akaacha ghafla, akaenda kusimama karibu na mlango.

Na meza nayo. Waliihamishia ukutani Jumatatu asubuhi, na mbele ya mlango pakabaki sakafu tupu, yenye alama nne nyeusi za miguu yake. Jumanne wifi aliingia, akashusha bega la kushoto, akapita pembeni. Mama Ramani aliingia nyuma yake, akafanya vivyo hivyo. Hata muuza duka wa chini, aliyepanda kulalamikia kelele za nyundo, alipazunguka mahali pale patupu huku akigomba. Mchana ule, akiwa peke yake, Mama Ramani alijilazimisha kupita katikati. Aliona baridi kidogo mapajani, kama mtu aliyeingia mtoni, akajikemea, akarudi kuchora.

Patisheni ililetwa Jumatano. Fundi alikuwa ameitengenezea karakanani kwake kutokana na mbao za darasa lililobomolewa. Ukiitazama kwa karibu uliona majina ya watoto yamekwanguliwa kwa ncha za bikari. Waliisimamisha, wakaisukuma hadi ukuta wa kulia. Ikagota vizuri. Kisha wote watatu wakatazama kushoto.

Kati ya mwisho wa mbao na ukuta palibaki pengo. Lilikuwa la kunyooka, toka sakafuni hadi juu, na upana wake ulikuwa upana wa mtu.

"Mama," alisema Fundi Kimya, kwa mara ya kwanza polepole, "mimi nimekata tatu na sabini. Karatasi yako hii hapa. Tatu na sabini."

"Najua."

Akatoa tepu yake ya chuma kiunoni, akapima pengo. "Hamsini. Wala si arobaini na tisa, wala si hamsini na moja."

"Kajiachia njia," alisema wifi, sauti ikiwa juu juu. "Si nilikwambieni? Tumehamisha meza yake, tumemfungia mlango, kajiachia njia yake."

"Wifi, nyamaza."

"Ninyamaze nini! Mtu na kaka yake!"

Fundi alirudi hatua moja nyuma, kwa heshima zaidi kuliko kwa woga. Mama Ramani alikuwa amesimama anatazama pengo lile, na si kwamba hakuhisi kitu. Alihisi. Alikuwa anamjua mumewe kwa ubavu, na mahali pale palikuwa na kipimo chake. Lakini neno hamsini lilikuwa limemshika kwingine. Mizimu, alivyowahi kusikia, haipimi.

"Nipimie chumba chote," alimwambia Fundi. "Ukuta hadi ukuta."

"Nne na ishirini."

Alilifungua daftari. *Ofisi yetu. Upana, 4.20.* Tepu iliyokatika kichwa ingesema nne na sabini. Mzee alikuwa ameandika kipimo cha kweli. Alikuwa ameshazitoa hamsini mwenyewe, kichwani, palepale. Na yeye akazitoa tena.

Alikwenda kwenye kabati, akavuta ramani ya duka la chini, waliyoichora mwaka uliotangulia. Chumba cha juu na cha chini, kuta zilezile. Ukurasa wake wa daftari ulisema 4.70. Hapakuwa na kinukta kando ya namba.

Basi akaketi, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata safu za namba. Vinukta havikudondoka ovyo. Vilikaa kila kimoja mahali pamoja, kulia kwa namba, juu kidogo, vimekandamizwa. Mkono unaotetemeka haukandamizi. Vilianza ukurasa mmoja na kuendelea hadi mwisho, na ukurasa huo aliukumbuka, maana ulikuwa wiki ile yeye aliposahau kutoa hamsini kwenye ramani ya mwenye bucha, mwenyewe akaja kufoka mbele ya wateja. Jioni yake alilia. Mumewe alimwambia, "Usijali, mke wangu, mzigo huu sasa niachie mimi." Alidhani ni maneno tu ya kubembeleza. Watu huambiana hivyo.

Huenda mzee alidhani amemweleza. Huenda alipanga kumweleza, na kumbukumbu zilizokuwa zimeanza kumponyoka zikaondoka na hilo pia. Mwezi uleule alirudi nyumbani mara mbili akiuliza funguo alizozishika. Akaweka kinukta, alama ya kumwambia hiki nimekwisha kukupunguzia. Na mkewe, kila alipokiona, alimwonea huruma kwa ugonjwa wake, akazitoa tena.

Walikuwa wawili, kila mmoja kwa siri, wakisahihisha kosa moja.

Kurasa zenye vinukta, ukiacha ya ofisi, zilikuwa saba. Watu saba walikuwa na ramani zilizopungua nusu mita kila upande uliopimwa.

"Funga hilo daftari," alisema wifi alipoelezwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mapokezi, mikono mapajani. "Nakuomba, wifi. Usimfukue ndugu yangu."

"Simfukui. Watu wanajenga kwa karatasi hizi."

"Wamelalamika? Nani kaja hapa kulalamika? Ijumaa ni keshokutwa. Yule mama wa miwani akisikia kwamba Mpimaji alikuwa anakosea, tumekwisha. Na jina lake nalo. Kaka yangu hakuacha shamba, hakuacha mtoto. Kaacha neno moja tu kwa watu, kwamba akipima kapima. Hilo nalo umnyang'anye?"

Mama Ramani aliweka kidole kati ya kurasa. Mficha maradhi, kilio humfichua, hiyo aliijua. Lakini kilio kilikwisha kupita, na maradhi yalikuwa bado yanatembea kwenye nyumba za watu.

Fundi Kimya, aliyekuwa amesikia yote huku akijifanya anapangusa msumeno, alikohoa. "Mimi si mtu wa kuingilia. Ila pengo hilo, mkitaka, halina neno. Nina rafu moja ya vitabu, upana hamsini. Tunaitia hapo, mnaijaza mafaili, hakuna mwana wa mtu atakayejua."

Aliileta Alhamisi. Iliingia kama kidole kwenye pete.

Ijumaa asubuhi ofisi ilikuwa imekuwa kitu kingine. Mwanga ulilala juu ya mlango uliogeuzwa meza, umepigwa msasa na kupakwa vanishi. Viti viwili vya kuazima kwa muuza duka vilitazama dirisha. Taa mpya haikupepesa. Koti na viatu vilikuwa nyumbani, kwenye sanduku, na msumari umeng'olewa. Mama Ramani aliliziba tundu kwa kidole chake mwenyewe. Chumba kilikuwa kizuri, na kilimwogopesha, kwa jinsi watu watatu na ndoo mbili za rangi walivyoweza kumfuta mtu ndani ya siku tano. Namba za zambarau tu ndizo zilizokataa. Mwishowe walizitundikia ramani kubwa juu yake.

Katibu aliingia. Alipita katikati ya sakafu tupu bila kusita, kwa kuwa hakuwa na wa kumpisha. Akavaa miwani, akazunguka. Akapapasa patisheni, akaenda hadi mwisho, akasimama mbele ya rafu.

"Haya ndiyo mambo," alisema. "Tazama hii. Huwezi kupitisha hata karatasi kati yake na ukuta. Nyumba njema si mlango, wanasema, lakini na mlango wenu mmeutendea haki! Nani kapima?"

Wifi alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alimtazama tu wifi yake, macho yamejaa.

Angeweza kusema, mume wangu. Wala usingekuwa uongo. Mita nne na ishirini ilikuwa sahihi kabisa. Ndicho kipimo safi kuliko vyote alivyowahi kumletea.

"Alipima mume wangu," alisema. "Alipima sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea kuchora. Hiyo rafu imeziba kosa langu, na kuna wateja wengine saba ambao kosa lao halina rafu." Akaeleza. Alieleza tepu, hamsini, vinukta. Alipofika kwenye vinukta alilifungua daftari, akamwonyesha, akamaliza.

Katibu aliivua miwani, ikaning'inia. "Kwa nini umeniambia leo? Si ungesubiri Jumatatu, kamati ikishaamua?"

"Ningekuwa nimekuuzia ukuta wenye pengo nyuma yake."

Chini, muuza duka alikuwa anajaribu kengele ya baiskeli, mara moja, mara nyingine.

"Sikuahidi kitu," alisema katibu akiinuka. "Kamati nitaiambia nilichokiona na nilichokisikia. Sitakipamba wala sitakichafua. Wewe nenda kwa hao watu wako kwanza. Nikisikia habari hii kutoka kwa mmoja wao kabla hujafika kwake, usinitafute." Akashuka ngazi.

Wifi alilia kidogo, akageukia dirisha. "Umejitwisha wewe," alisema. "Umesema mimi ndiye niliyekosea. Hukumsema."

"Ni mkono wangu uliochora, wifi."

Wanne kati ya saba hawakuwa wameanza kujenga. Aliwapigia simu mchana uleule, wakapokea kila mmoja kwa namna yake: mmoja alishukuru, mmoja alitukana, wawili wakataka ramani mpya kufikia wiki ijayo, bure, na akakubali. Wa tano alikuwa amehama. Wa sita alikuwa amejenga choo, kikawa chembamba, na aliposikia sababu alicheka hadi simu ikakatika.

Wa saba alikuwa mshonaji. Kwake alikwenda kwa miguu, jioni jua likiwa bado juu ya mapaa. Alikuwa mama wa umri wake, mwenye pini zimechomekwa kifuani, na kiwanda chake kilikuwa chumba kilichoongezwa ubavuni mwa nyumba, kwa ramani yenye sahihi ya Mama Ramani pembeni. Ndani palikuwa na cherehani tatu, zimebanana kama wasafiri.

Mshonaji alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupindisha kola aliyokuwa anaishona. Kisha mguu ukasimama kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo huku nje," alisema, "ile sehemu iliyobaki kati ya ukuta wangu na uzio…"

"Ilitakiwa iwe humu ndani."

"Mimi nilijua mzee ameiacha kwa ajili ya maji ya mvua. Mtu wa heshima vile, nani angemwuliza?"

Mama Ramani alitoka akaenda kuiona. Ilikuwa njia nyembamba, nusu mita kwa upana, urefu wa chumba, isiyokwenda kokote. Majani yalikuwa yameota humo, na vipande vya vitambaa vilivyorushwa dirishani vilikuwa vimechakaa kwa jua. Aliingia kwa ubavu, akasimama katikati, ukuta mgongoni na uzio kifuani. Hapo ndipo alipomkuta mumewe. Hakikuwa kivuli, wala haikuwa sauti. Ni uzito tu wa mtu anayesimama karibu nawe na kungoja ujue jambo ambalo yeye tayari analijua. Alikaa naye kidogo. Kisha akasikia mshonaji anaongea juu ya kichwa chake, dirishani.

"Cherehani zilikuwa nne, Mama. Nilizinunua nne. Chumba kilipokamilika, tukaingiza tatu, ya nne ikakataa. Nikajua nimehesabu vibaya mimi. Siku zote kichwa changu kibovu kwenye hesabu, shuleni walinicheka. Ya nne ilikuwa ya mdogo wangu. Alishaacha kazi yake aje tushone wote. Nikamwambia, mdogo wangu, nafasi hakuna. Akadhani nimemkataa. Tangu siku ile hajakanyaga hapa."

Mama Ramani alitoka kwenye ile njia, majani yamemshika gauni. Aliingia ndani. Alisema kwamba ukuta utavunjwa na kusogezwa, kwamba fundi wake atakuja, kwamba gharama ni yake hata kama atailipa kidogo kidogo. Mshonaji alikuwa anaitikia kwa kichwa bila kusikia. Alikuwa ameshika simu, anabonyeza namba ambayo kidole chake kiliijua bila macho.

Iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, mshonaji aliinyoosha simu mbele yake kama kitu kinachounguza.

"Mwambie wewe," alinong'ona. "Mimi hataniamini."

Mama Ramani aliichukua. Upande wa pili mtu alikuwa anapumua, amejiandaa kukata.

"Haloo," alisema. "Hunijui. Mimi ndiye niliyeichora ile ramani."